Nani Ameonja?

Mama Adera alizikwa Jumamosi saa nane mchana, nami nilifika makaburini nikiwa na soksi za shule, kipande cha mkate mfukoni na alama mbili nyekundu kwenye kiganja cha kushoto. Alama hizo nilipewa na matroni wa bweni letu huku Kasulu. Nilipoomba ruhusa aliniuliza marehemu ni nani wangu. Nikasema bibi. Akauliza, mzaa baba au mzaa mama? Nikasema mzaa gongo. Alinichapa kwanza, ruhusa akaniandikia baadaye, na kwenye karatasi akaweka "bibi mzaa mama". Kwa hiyo kiserikali Mama Adera ni bibi yangu, na mwenye pingamizi akamuone matroni. Najua wanaoandika kumbukumbu za maisha ni wastaafu wenye miwani na kikohozi, si mwanafunzi wa kidato cha sita ambaye bado anaficha simu ndani ya unga wa sabuni. Lakini mwaka ule niliokuwa kidato cha pili nilizeeka kwa haraka, nikapumzika, na sasa naendelea na ujana wangu kama kawaida. Wazazi nawaruka, wana kitabu chao. Nyumbani Murungu tulikuwa wawili tu, mimi Eda na kaka yangu Yoram.

Gari la kutoka Kasulu kwenda Kibondo linapita msituni, na kuna mteremko mmoja ambapo hadi leo abiria watu wazima hunyamaza, hata anayekula hindi la kuchoma huacha kutafuna. Yoram alikuwa konda wa basi lililosimamishwa pale, asubuhi kweupe. Kiongozi wa wale majambazi hakupanda ndani. Alizunguka nje akigonga bodi la basi kwa ubapa wa panga, kong, kong, kong, dirisha kwa dirisha, na alipoacha kugonga, mtu wa dirisha hilo alitolewa. Dereva alitolewa wa tatu. Yoram alikuwa amelala chini ya kiti cha nyuma, uso kwenye maganda ya karanga, akisikiliza kugonga, halafu kimya, halafu yale yaliyofuata kimya. Dirisha lake lilipita bila kimya. Alirudi nyumbani mzima, bila hata mkwaruzo, watu wakaleta kuku wa kumshukuru Mungu, na kabla kuku hajaiva kaka yangu alikuwa ameshakwenda kununua gongo.

Gongo ilimsaidia asisikie ile kong. Ilimsaidia pia asinisikie mimi. Jino langu la mbele, hili lililokatika kona, ni kazi yake. Nilikuwa nafunika sufuria ya maharage, mfuniko ukagonga ukingo, na kabla sijasema pole nilikuwa nalamba sakafu. Aliniinua yeye mwenyewe, akanifuta damu kwa shati lake, akaniuliza kwa huruma kabisa nani amenipiga. Siku nyingine alimpiga jirani aliyekuwa akinyoosha bati. Akampiga mtoto wa jirani aliyekuja kuuliza kwa nini baba yake amepigwa. Nilijifunza kupika bila mlio, nikafunga kijiko kwa kitambaa, nikawa natembea ndani ya nyumba yangu kama mwizi. Shuleni ndipo nilipopiga kelele zote. Niliiga sauti za walimu, mchungaji, mbuzi wa mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, ambaye Mungu alimpa mwili wa mwanaume na sauti ya mwanafunzi wa kike. Waliniita Redio.

Wiki ile ya jino, Mama Adera alikuja kumchukua Yoram. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa kutisha, ambaye zamani alipika gongo iliyonywewa kuanzia Murungu mpaka kambi ya wakimbizi ya Mtabila kabla haijafungwa. Aliacha siku mumewe alipokunywa gongo aliyoipika mkewe na kuamka haoni. Hakuja na Biblia. Alikuja na toroli, pamoja na Papa Safari, seremala Mkongo aliyepita kambi ya Nyarugusu zamani, akaoa kwetu, na ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Mama Adera alisimama nje bila kugusa mlango.

"Hodi ya mdomo," alisema.

"Nani?" Yoram aliuliza kutoka kitandani.

"Aliyekupikia gongo yako ya kwanza. Nimekuja kuichukua."

"Siendi popote, mama."

"Bon," alisema Papa Safari. "Weye usiende. Toroli njo itaenda. Weye ulale tu ndani yake."

Yoram alimuuma bega mpaka damu ikaja kwenye shati. Papa Safari hakumrudishia. Alimbeba vilevile, meno yakiwa begani, akasema, "Mumuache aume. Iko na njaa." Ndivyo kaka yangu alivyofika kwenye Chungu, miguu ikining'inia nje ya toroli, akiwatukana mama zao wote kwa Kiha, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha konda.

Chungu ndilo jina tulilowapa wale watu, kwa sababu ndicho walichokuwa nacho. Walikutana kila Alhamisi baada ya saa tisa kwenye jiko la Mama Adera, lile lile la gongo, chumba cha mabati kilichokuwa cheusi kwa moshi mpaka ukikiegemea unatoka na mgongo wa mkaa. Pipa alilipanda maua, yakakataa kuota. Bomba la shaba lililokuwa likidondosha gongo alilipigilia ukutani likawa la kutundikia mirija. Kwetu Uha watu wazima hawawezi kukaa duara bila chungu katikati na kila mtu na mrija wake. Wamewahi kuja watu wa semina na viti vya plastiki na soda. Wanakikundi wakanywa soda, wakaangalia miguu yao, wakaenda. Mama Adera alijua mtu wetu hasemi la moyoni akiwa na mikono mitupu. Akaweka chungu kile kile cha pombe ya mtama, na mirija ile ile ya mianzi, lakini ndani akaweka togwa tamu, ya jana yake, isiyofika kulevya. Mtu anavuta, anaachia mrija, anasema neno, akishindwa anarudi kuvuta. Hakuna aliyekukodolea macho maana wote wameinamia katikati. Kila mrija ulikuwa na uzi wa rangi yake. Ukianguka, yaani ukirudia kulewa, mrija wako unageuzwa kichwa chini ukutani. Hauvunjwi. Unakungoja hivyo hivyo, kama nguo iliyoanikwa.

Halafu kulikuwa na kusogongera, na hili ndilo neno lililonimaliza. Kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeanza kuonja mbele ya wageni, waone hajaweka sumu. Mama Adera aliichukua desturi hiyo kama ilivyo. Kabla mirija haijashuka aliuliza, "Nani ameonja?" na aliyeleta togwa anajibu, "Mimi," halafu anaulizwa, "Ikoje?" naye anasema ilivyo. Kwao sumu ilikuwa moja tu. Togwa ikikaa siku moja zaidi, hasa ikiwa na kimea kikali cha kutoka Kasanda, inaamka yenyewe, inageuka pombe bila kumuuliza mtu. Kila nyumba yenye mwanachama ilipika kwa zamu. Nyumba yetu ilikuwa na Yoram, na Yoram hakuruhusiwa kukaribia kitu chochote kinachochachuka, kwa hiyo mpishi alikuwa mimi.

Nilipenda Alhamisi kuliko nilivyokiri. Nikishaonja nilitoka, nikakaa nyuma ya ukuta nikichambua maharage, na bati lina masikio pande zote mbili. Nilimsikia mzee mmoja aliyewahi kuwa askari akisema hawezi kulala bila viatu. Nilimsikia Papa Safari akieleza alivyoshikiwa mkono juu ya kigogo kule kwao, akaambiwa ahesabu yeye mwenyewe. "Minasema moja, wanakata. Minasema mbili, wanakata. Kwa tatu mukubwa wao akaitwa na simu, akaenda. Mi nikabakia pale na ile tatu ndani ya kinywa. Mupaka leo iko humu." Mle ndani hakuna aliyesema pole. Nilisikia mirija tu ikivuta, frrr, watu wote pamoja. Ijumaa yake, saa ya mapumziko, nyuma ya tangi la maji la shule, nilisimama juu ya tofali nikahesabu kwa sauti ya Papa Safari, na kidato cha pili kizima kikacheka mpaka mmoja akatapika uji. Nilikuwa mzuri, jamani. Hilo ndilo linaloniuma. Kama ningekuwa muigizaji mbovu ningelala vizuri zaidi.

Yoram alimaliza miezi mitano bila tone. Alinenepa, akawa mkimya, akawa ananisaidia kuchota maji, na mimi, niseme ukweli wangu, nilimwogopa zaidi. Mlevi nilimjua: mlango upi, dakika ngapi, kitanda kipi cha kuingia chini. Huyu mpya aliangalia jino langu akifikiri sioni. Jumatano moja, tukila ugali wa muhogo na dagaa, aliniambia, "Kesho nitasema ya basi. Yote. Nimemwambia Mama Adera." Hakuwahi kuyasema kwa mtu. Nikamjibu, "Sawa, konda, usisahau kutoa chenji." Akacheka, mara ya kwanza mwaka ule, na akameza vibaya, nikampiga mgongoni kwa upole kama yai. Kumbe zamu ya togwa ilikuwa yetu, na mimi nilikuwa sijapika mpya. Nilikuwa nimepika Jumatatu, ndoo nzima, nikawagawia wenzangu shuleni kujitafutia umaarufu, ikabaki zaidi ya nusu. Jumatano nzima nilikuwa mpirani. Alhamisi nilipofunua ndoo ilikuwa inatoa mapovu, inapumua kama mtoto mwenye homa.

Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini, na ukweli ni kwamba nilifikiri mambo matatu kwa mpigo. Niliogopa kusema sijapika, siku ambayo Yoram alinyoa ndevu kwa ajili yake. Nilifikiri mapovu yatakwisha nikiweka sukari. Na kwa mbali, pale ninapotunza utani wangu, nilifikiri: hivi watu wa Chungu wakichangamka kidogo itakuwaje? Ijumaa nitakuwa na kipindi gani nyuma ya tangi? Nikaweka sukari nusu kilo, nikakoroga, nikabeba kichwani. Njiani ndoo ilikuwa inanong'ona sikioni.

Mama Adera siku hiyo alikuwa na mafua, pua imeziba, amejipaka dawa ya kuchua mpaka kwenye nyusi. Siku nyingine yoyote pua ile ingeikamata ile ndoo kutoka barabarani. Nilimimina chunguni. Wakakaa, kama watu kumi. Yoram alikuwa na shati jeupe.

"Nani ameonja?"

"Mimi."

"Ikoje, mwanangu?"

Nilikuwa nimevuta mvuto mmoja mbele yao. Ulimi ulikuwa unawasha. Nikasema kwa sauti ya mchungaji, ili wacheke, "Iko salama, wapendwa." Wakacheka kweli. Mirija ikashuka.

Nilikaa nyuma ya bati bila maharage. Yoram alianza vizuri. Alisema rangi ya basi, alisema maganda ya karanga. Alisema, "Alianza kugonga upande wa kulia." Akavuta. Akasema dirisha la kwanza, akavuta. Dirisha la pili, akavuta kwa muda mrefu. Nikasikia wengine nao wakivuta, haraka kuliko kawaida, hakuna anayesema, hakuna anayeachia mrija. Mtu alicheka mahali pasipo na kichekesho. Kisha Papa Safari: "Mama Adera. Hii njo pombe."

"Najua," alisema Yoram.

"Unajua toka lini?" aliuliza Mama Adera.

"Toka mvuto wa kwanza." Nikamsikia akiinama tena. Frrr.

Papa Safari alishika chungu akitaka kukitoa nje. Yoram alikishika upande wa pili. Nilichungulia tobo la msumari, nikawaona wanavutana kama watoto wanaogombea sahani, halafu chungu kikapasuka na kaka yangu akabaki na kigae cha mdomo mkononi, akakipeleka usoni kwa Papa Safari. Nyusi ilifunguka. Mzee askari aliinua benchi, likampata mtu mwingine kabisa. Watu waliokuwa wameacha pombe miezi na miaka walikuwa wanatupiana ngumi ndani ya tope la togwa, wawili walipiga magoti na sitasema walichokuwa wanafanya na lile tope. Yoram alitoka mlangoni na shati lake jekundu kwa damu ya mtu mwingine, akapita mbele yangu, akanitazama, hakunigusa. Akaenda kuelekea bondeni, kwa wapikaji wa gongo. Kuku wa Mama Adera waliingia wakanywa yaliyobaki, jogoo akaanguka akijaribu kuwika.

Ungedhani watu wangetawanyika. Mama Adera alikataa. "Akitoka mtu hapa sasa hivi, anakwenda alikokwenda Yoram," alisema, akafunga mlango, akatuingiza wote, mimi nikiwemo, tukakaa ukutani kama mirija. Alimfunga Papa Safari nyusi kwa khanga. Aliniangalia, kisha akapenga mafua. Nadhani ilipita saa moja. Jua lilikuwa bado kali kwenye matobo ya misumari.

Kong.

Kwenye bati, upande wa kulia.

Kong. Kong. Alikuwa anazunguka jiko akigonga kwa ubapa wa panga, taratibu, na kila alipogonga mwanga wa tobo mojawapo ulizimika kwa kivuli chake ukawaka tena. Niliingia chini ya benchi. Mkojo ulinitoka, nauandika kama ulivyonitoka. Nilikuwa nimesikia habari ya basi nusu, na sasa nilikuwa ndani yake. Kaka yangu alikuwa amehamia nje.

"Nani ameonja?" aliuliza.

Kong. "Nauliza, watu wa Chungu. Nani ameonja? Atoke." Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya konda anayeuliza nani hajalipa. Alifika usawa wa benchi langu. Kong. Akaacha kugonga.

Ninyi mnaosoma mkiwa mmekaa vizuri mnadhani mngetoka. Mimi nilikula kidole changu. Nilisikia benchi la pili likisogea, na viatu vya tairi vikiburuzika kwenda mlangoni.

"Mi njo nilionja," alisema Papa Safari, akafungua mlango, akatoka akaufunga nyuma yake.

Panga lilishuka mara moja. Papa Safari aliinua mkono kujikinga, ule mzima, wa kulia. Sikuona, nilisikia, na mlio wake haukuwa kong. Ulikuwa kama mtu anakata shina la mgomba. Halafu Papa Safari akasema, kwa sauti ya chini, kama anayemaliza kazi iliyobaki tangu zamani, "Tatu."

Ukelele ulipigwa na mke wa jirani, na kwetu ukelele ukipigwa sungusungu hawaulizi. Walikuja na marungu, na mmoja alikuwa tayari na tairi begani, sijui watu wanatunza wapi matairi kwa ajili ya siku kama hizo. Yoram alikuwa ameangusha panga, amesimama anauangalia mkono wa Papa Safari kana kwamba umeletwa kwa posta. Rungu la kwanza lilimlaza. Ndipo mlango ukafunguka na Chungu wakatoka, wale walevi, wengine bado wanayumba, wakamlalia. Sitii chumvi. Walimlalia kama magunia. Mama Adera alikuwa juu kabisa, na aliposikia "Ondokeni tummalize!" alijibu kutoka kwenye lile rundo, "Anzeni na mgongo wangu, ni mpana." Wakaanza. Nilisikia mfupa wa bega lake. Mzee askari alipigwa kichwani akanyamaza. Hawakuondoka, na marungu hayakuwa yamechoka.

Miguu yangu iligoma, lakini mdomo ulikuwepo. Nikiwa ndani, nimebana bati kwa shavu, nilipiga kelele kwa ile sauti nyembamba: "Wananchi! Nasema wananchi! Nani amewapa kibali?" Ilikuwa ndiyo sauti ya mwenyekiti mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake cha katikati ya sentensi. Marungu yalisimama hewani. Watu wazima waligeuka kumtafuta kiongozi wao nyuma ya jiko. Nikatoka mimi, sketi imeloa.

"Aliyeonja ni mimi," nilisema. Sauti ilikuwa yangu, nikaishangaa ilivyo ndogo. "Togwa ilikuwa ya Jumatatu. Nilijua. Niliwaambia iko salama. Yoram hajanywa miezi mitano. Nimemnywesha mimi."

Mtu mmoja, kwa uchungu wa kudanganywa na mtoto, alinirushia rungu lake, likanipata begani, nikakaa chini. Lakini mtu akisharusha rungu lake hana rungu. Wengine wakaanza kubishana kama kosa la togwa linahukumiwaje, na ubishi ni kitu kizuri sana, kinachukua mikono. Mwenyekiti wa kweli alipofika, amechelewa, alikuta watu wamekaa, na akalalamika kwamba njiani alikuwa amejisikia mwenyewe akitoa amri.

Papa Safari alishonwa Kibondo, hospitali. Vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena. Polisi walipomuuliza ni nani aliyemkata, alisema alikuwa anapasua ubao. Wakamuuliza ubao gani unapiga mtu nyusi. Akasema, "Mbao za Tanzania ziko mubaya sana, afande." Yoram alilala jiko la Mama Adera wiki tatu akitetemeka na kutapika, watu wakimshika kwa zamu, na alipoweza kusimama alikwenda karakana ya Papa Safari, akasimama upande wake wa kulia, akawa ndiye mkono. Mwaka ule wote nilipita pale nikitoka shule: mmoja anapima kwa jicho, mwingine anashika randa. Kwenye gogo la kugongelea misumari walifunga kitambaa. Baada ya muda mrefu, Papa Safari akawa anakifungua kidogo kidogo. Siku moja nilisikia nyundo kutoka barabarani, nikakimbia nikidhani nitakuta maiti. Nilimkuta Yoram analia na anagonga, Papa Safari akimwambia, "Pika tena. Hiyo njo musumari tu. Pika." Kwao kugonga ni kupika, na nilicheka nikiwa nimeshika mlango, na hakuna aliyenifukuza.

Mimi sikuchapwa. Ningependa ningechapwa. Mama Adera, mkono ukining'inia kwenye kitanzi cha khanga, aliukata mrija mpya, akaufunga uzi wa njano, akaugeuza kichwa chini ukutani karibu na wa Yoram. "Huu ni wako," alisema. "Mimi silewi, Mama," nikamwambia. Akasema, "Unalewa kicheko cha watu. Njoo Alhamisi." Kuanzia hapo niliionja togwa ya kila nyumba, nimesimama, wote wananitazama mdomo, mpaka mwaka ukaisha. Wiki ya kwanza niliposema "Ni tamu" hakuna aliyeshusha mrija. Walisubiri. Nikaonja tena, nikasema tena. Mzee askari aliyekuwa na kovu jipya akasema, "Tena." Nilionja mara nne. Ndipo Papa Safari akainamisha kichwa, na wengine wakafuata. Nyuma ya tangi la shule niliwaambia wenzangu kipindi kimefungwa. Walinizomea siku mbili, halafu nikawaiga wao.

Basi Jumamosi hii, baada ya kaburi, tulirudi kwenye lile jiko. Lilikuwa limejaa, watu mpaka uani, na bomba la shaba lina mirija mingi kuliko nilivyoiacha. Mrija wa Mama Adera, wenye uzi mweusi, ulikuwa umegeuzwa kichwa juu na kuchomekwa kwenye pipa la maua yaliyokataa kuota. Yoram aliingia na chungu. Ana mvi mbili tatu kaka yangu, na mikono ya seremala. Alikiweka katikati, hakukaa. Watu wakaangaliana, maana aliyezoea kuuliza alikuwa ndani ya udongo. Akauliza Papa Safari, kwa sauti iliyokwaruza.

"Nani ameonja?"

"Bado," alisema Yoram. "Aonje Redio."

Alininyooshea mrija wangu, uzi wa njano umepauka ukawa rangi ya meno. Niliinama. Nilikuwa na utani mzuri tayari, nauapia, kuhusu matroni na bibi mzaa gongo, na chumba kizima kilikuwa kinahitaji kucheka. Nikavuta. Ulimi ukawasha.

Nilimtazama Yoram bila kuinua kichwa. Alikuwa ameshikilia ukingo wa chungu kwa mikono miwili, kucha zimekuwa nyeupe.

"Ikoje?" aliuliza Papa Safari.

"Imeamka," nikasema. "Imwagwe."

Mtu nyuma alisema yebabawe, msibani hapa? Mwingine akasema kidogo tu haidhuru, mtoto ana ulimi wa shule. Papa Safari akasema, "Tena." Nikavuta tena, mbele yao wote, nikatema chini. "Imeamka. Ni ya juzi au kabla yake. Imwagwe." Yoram aliachia pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akakibeba chungu hadi uani, akakimimina chote, akawa anawafukuza kuku kwa mguu. Kisha akakisuuza mara tatu, akakijaza maji ya kisima, akakirudisha katikati na kukaa kwenye nafasi yake. Tukashusha mirija, watu kama arobaini kwa zamu, tukanywa maji baridi ya Mama Adera.

Jioni alinisindikiza kupanda gari. Sikumuuliza kwa nini togwa ya Jumamosi aliipika Jumatano, siku aliyofariki Mama Adera. Gari lilipokuja, konda aligonga bodi kwa kiganja kuita abiria, na Yoram aliruka, mabega yote mawili. Halafu akanyoosha mkono, akaligonga lile bodi yeye mwenyewe mara tatu, kwa nguvu, akaniambia nipande.

"Kaa dirishani," alisema. "Na usimtukane konda."